Nani Anapiga?

Leo nataka tuzungumze juu ya kinachomfanya mchezaji ajitume ndani ya timu, na kinachomfanya ajifiche. Nianze na jambo nililoliona kwa macho yangu.

Jumamosi moja nilisimama kando ya uwanja wa vumbi mtaani kwetu, natazama fainali ya vijana wa chini ya miaka 15. Fainali za mtaani unazijua: goli moja lina nyavu, jingine halina, na mstari wa pembeni umechorwa kwa majivu. Dakika zikaisha timu zikiwa sare, mechi ikaenda kwenye matuta. Kocha akawakusanya vijana wake, akauliza, "Nani anapiga?"

Kimya. Nahodha, kijana aliyetamba mchezo mzima, akainama kufunga kamba za kiatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Mwingine akaenda kutafuta maji. Mshambuliaji akasema anasikia msuli unamvuta. Wakapatikana wanne kwa kusukumwa. Wa tano akajitokeza mwenyewe: beki wa kushoto, mdogo wa umbo kuliko wote, jezi imemfika magotini. Akasema, "Kocha, nipe mimi ya mwisho."

Zamu yake ilipofika, timu yake ilikuwa nyuma kwa bao moja. Akikosa, kwisha habari. Akaweka mpira, akarudi nyuma hatua tatu, akapiga. Kipa akaudaka. Mara wakaibuka watu wazima waliokuwa wamekaa kwenye matofali. Mmoja, wala si baba yake, akapaza sauti: "Wewe ndiye uliyetufungisha!" Mtoto akakaa chini pale pale, akajifunika uso kwa jezi. Nahodha wetu wa kamba za kiatu akapita pembeni kimya kimya, na hakuna aliyemwambia neno.

Msikilizaji, picha ile haijanitoka mpaka leo. Katika uwanja ule aliyejitokeza ndiye aliyelia, na aliyejificha akaenda zake nyumbani salama. Unadhani msimu ujao kocha akiuliza tena, ni nani atakayeinua mkono?

Tuna methali ambayo kila shabiki wa mpira anaijua: asiyekubali kushindwa si mshindani. Tunaitumia kumpoza aliyefungwa, na mara nyingine kumkejeli. Lakini ukiisikiliza vizuri, methali hii inamhusu mchezaji hata kabla filimbi haijapulizwa. Inasema kwamba ushindani wenyewe unaanza pale mtu anapokubali moyoni kuwa leo naweza kushindwa, na bado naingia. Wanasaikolojia walikuja kulichunguza jambo hilo hilo kwa vipimo, na waliyoyakuta yanafaa kusikiwa na kila kocha na kila mzazi.

Mwaka 1961 mwanasaikolojia wa Marekani, David McClelland, alichapisha kitabu kilichoipa umaarufu hoja ya hamu ya mafanikio, yaani ile hamu ya mtu kufikia kiwango cha ubora katika kazi yake. Mwenzake John Atkinson alieleza kuwa ndani ya kila mtu kuna nguvu mbili zinazovutana: tumaini la kufaulu na hofu ya kushindwa. Kila mmoja wetu anazo zote mbili. Tunatofautiana kwa ile inayoshika usukani.

Atkinson na George Litwin waliwapa wanafunzi wa chuo mchezo wa kurusha pete kwenye kigingi, kila mmoja ajichagulie umbali wa kusimama. Matokeo waliyachapisha mwaka 1960. Wenye tumaini kubwa na hofu ndogo walipenda kusimama umbali wa kati, pale ambapo unaweza kupata na unaweza kukosa. Waliotawaliwa na hofu walielekea zaidi pembeni: ama karibu kabisa na kigingi, ama mbali kabisa. Ukisimama karibu huwezi kukosa. Ukisimama mbali sana ukakosa, nani atakulaumu?

Sasa peleka hayo uwanjani. Yuko kiungo ambaye kila akipata mpira anaurudisha kwa beki. Mpira haupotezi, lakini pia timu haisogei. Na yuko mwingine anayebutua kutoka katikati ya uwanja, mpira unapaa juu ya miti, watu wanacheka, yaishe. Tunawaona kama wachezaji wawili tofauti, mmoja mwoga na mwingine shujaa. Kwa kipimo cha Atkinson, huenda wote wawili wanakimbia kitu kimoja: ile pasi ya umbali wa kati, ya kumpenyezea mwenzako kati ya mabeki wawili, ambayo ikinaswa kila mtu atajua ni wewe uliyeipiga.

Hofu hii imepimwa hata kwa wachezaji wakubwa duniani. Mtaalamu wa Norway, Geir Jordet, alichambua mikwaju ya penalti katika mashindano makubwa, likiwemo Kombe la Dunia. Mwaka 2008 yeye na mwenzake Esther Hartman walitoa matokeo haya. Mpigaji ambaye akifunga timu yake inashinda papo hapo, alifunga kwa asilimia 92. Mpigaji ambaye akikosa timu yake inatolewa papo hapo, alifunga kwa asilimia 62. Mpira ni ule ule, na umbali ni ule ule wa mita 11. Kilichobadilika ni wazo lililo kichwani: wa kwanza anakwenda kuchukua kitu, wa pili anakwenda kuzuia balaa. Wakaona pia kwamba wanaopiga ili timu isitolewe hupenda kumgeuzia kipa mgongo baada ya kuweka mpira, na hupiga haraka haraka. Kama mtu anayetaka tu jambo liishe.

Yule beki wetu mdogo wa kushoto alikuwa kwenye kundi hili la pili. Watu wazima wenye mishahara na miaka ya mazoezi hukosa zaidi ya mmoja kati ya watatu katika hali ile. Na mtaani kwetu alizomewa mtoto wa miaka 14.

Hapo utaniuliza, msikilizaji: basi timu inayotawaliwa na tumaini inafananaje? Nikupeleke Libreville, mji mkuu wa Gabon.

Tarehe 27 Aprili 1993, ndege iliyobeba timu ya taifa ya Zambia, majirani zetu wa ng'ambo ya Tunduma, ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka kutoka Libreville. Walikuwa wakielekea Senegal kwa mechi ya kufuzu Kombe la Dunia. Watu wote 30 waliokuwamo walikufa, 18 kati yao wachezaji. Nahodha Kalusha Bwalya alinusurika kwa sababu alikuwa Uholanzi alikokuwa akicheza, na alipanga kusafiri kivyake. Zambia ikaunda timu upya, na mwaka 1994 ikafika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, ikafungwa na Nigeria 2-1.

Ikapita miaka 18. Mwaka 2012 Zambia ikaingia fainali tena, na fainali yenyewe ilichezwa Libreville. Kabla ya mechi, wachezaji walikwenda ufukweni kuweka maua kuwakumbuka waliopotelea kwenye bahari ile. Tarehe 12 Februari wakakutana na Ivory Coast ya Didier Drogba, timu iliyokuwa haijafungwa hata bao moja katika mashindano yale. Mapema tu kipindi cha kwanza beki wao Joseph Musonda akaumia, akatoka analia. Dakika ya 70 Drogba akakosa penalti. Dakika 120 zikaisha bila bao.

Ndipo likaja lile swali la uwanjani kwetu: nani anapiga? Wachezaji wa Zambia walipiga magoti, wakashikana na kuimba. Mikwaju 14 ya kwanza, saba kwa saba, yote ikaingia. Hata kipa wao Kennedy Mweene alipiga ya kwake, akafunga. Kisha Mweene akaipangua ya Kolo Touré. Zambia sasa ilihitaji bao moja tu kuchukua kombe. Akaenda Rainford Kalaba, akakosa. Hebu fikiri uzito wa hatua za kutoka kwenye penalti kurudi kwa wenzako, umekosa kombe la nchi nzima. Lakini timu haikuvunjika. Gervinho naye akakosa, akaja Stoppila Sunzu, akafunga. Nane kwa saba. Na kocha Hervé Renard akambeba Musonda mikononi, yule beki aliyeumia, akampeleka uwanjani akashangilie pamoja na wenzake.

Siwezi kuingia mioyoni mwa vijana wale. Lakini wako wataalamu waliochunguza jambo linalofanana na nililoliona pale. Alvin Zander wa Chuo Kikuu cha Michigan alionyesha kuwa mbali na hamu ya mtu binafsi ya kung'ara, ipo hamu nyingine: hamu ya kutaka kundi langu lifanikiwe. Akaona pia kuwa aliyepewa nafasi ambayo wenzake wanaitegemea huwa na hamu hiyo kwa nguvu zaidi. Ukimwambia kijana "wewe ni wa akiba, kaa hapo", umemnyima nafasi ya kutegemewa na hamu yake umeipunguza. Ukimwambia "wewe ndiye unayempanga beki wetu kwenye kona", umemfunga kwenye timu kwa kamba.

Na nikitaja kamba, nakumbuka ule mchezo wa kuvuta kamba ambao watumishi wa umma huushindania kwenye michezo yao ya SHIMIWI na siku za Mei Mosi. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, aliwapima watu wakivuta kamba, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1913. Ungetegemea watu 8 wavute mara nane ya mtu mmoja. Alikuta kila mmoja katika kundi la 8 anatoa takriban nusu tu ya nguvu zake za pekee. Sehemu ya upungufu ilitokana na kutovuta kwa pamoja. Lakini mwaka 1974 watafiti wa Marekani walimfunga mtu kitambaa machoni, wakamweka mbele ya kamba na kumwaminisha kuwa kuna wenzake wanavuta nyuma yake, kumbe wamesimama tu. Nguvu zake zikapungua vilevile. Sisi tulishaonya zamani: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Je, timu basi ni kichaka cha wavivu? Hapana. Mwaka 1989 Kipling Williams na wenzake walichapisha utafiti juu ya waogeleaji wa vyuo vya Marekani. Muda wa kila mwogeleaji usipotangazwa, aliogelea polepole zaidi katika mbio za kupokezana kuliko akiwa peke yake. Muda wa kila mmoja ukitangazwa kwa sauti, aliogelea kwa kasi zaidi ndani ya timu kuliko peke yake. Fikiri juu ya hilo. Timu hiyo hiyo inayomlegeza mtu asiyeonekana ndiyo inayomkaza anayeonekana.

Na huko Ujerumani mwaka 1926, Otto Köhler aliwapima wanachama wa klabu ya kupiga makasia mjini Berlin kwa kuwanyanyulisha uzito, kwanza mmoja mmoja, kisha wawili wawili, kwa namna ambayo dhaifu akiishiwa nguvu na mwenzake hawezi kuendelea. Yule dhaifu alistahimili muda mrefu zaidi kuliko alipokuwa peke yake. Aliona kuwa mwenzake anamtegemea, akakaza meno. Na hali hiyo ilikuwa kubwa zaidi pale tofauti kati yao ilipokuwa ya wastani. Ukimpanga mtoto anayeanza pamoja na bingwa wa mkoa, atakata tamaa. Ukimweka na anayemzidi kidogo, atapanda.

Sasa tuje kwenye fedha, maana najua wapo wanaosema moyoni: acha saikolojia, weka pesa mezani uone. Sote tunalikumbuka Goli la Mama. Mapema mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi shilingi milioni 5 kwa kila bao la Simba na Yanga katika mashindano ya Afrika, na baadaye kiwango kikapanda. Msimu ule Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikafungwa 2-1 Dar es Salaam na USM Alger, ikaenda kushinda 1-0 kwao Algiers, kombe likapotea kwa sheria ya mabao ya ugenini. Sisemi fedha ndiyo iliyowafikisha fainali, wala sisemi haikusaidia. Nasema tuielewe zawadi inavyofanya kazi.

Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake wawili walichapisha utafiti juu ya watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Wengine waliahidiwa kabla kuwa wakichora watapewa cheti kizuri chenye utepe. Wengine walichora tu, kisha wakashtukizwa na cheti kile kile. Wengine hawakupewa kitu. Siku kadhaa baadaye, wale walioahidiwa walitumia muda wa kuchora karibu nusu tu ya wenzao. Walioshtukizwa hamu yao ilibaki palepale. Yaani zawadi inayotangulizwa mbele ya kazi inaweza kula ile furaha iliyokuwapo bure.

Wazee wetu wa ngoma na taarabu walilijua hili bila maabara. Mcheza kwao hutunzwa. Angalia namna tunavyotunza: mwimbaji anaimba kwanza, anaingia kwenye wimbo mpaka wimbo unamwingia, ndipo mama mmoja anainuka polepole kutoka kwenye kiti chake, anacheza kuelekea jukwaani na kumpa noti mbele za watu. Ile noti ni neno. Inasema, tumekusikia. Hakuna aliyempangia bei kabla ya ubeti wa kwanza. Zawadi ya namna hiyo inampa mtu heshima na kumwachia penzi lake la kuimba.

Kwa hiyo, wenye timu za vijana, na wazazi mnaoahidi "ukifunga nakununulia simu", nawaomba mkae mlifikirie hili. Mtoto aliyeahidiwa simu kwa bao hatampa pasi mwenzake aliye kwenye nafasi nzuri. Atapiga yeye. Na siku akiwekwa beki, ataona ameonewa. Ukitaka kutunza, itunze timu nzima, au mtunze mtu baada ya kazi kwa jambo aliloamua mwenyewe: beki aliyekimbia mita 50 kuziba pengo la mwenzake, kipa aliyemwinua mshambuliaji aliyekosa.

Mtafiti John Nicholls, na baadaye Joan Duda katika michezo, walieleza kuwa kuna njia mbili za mchezaji kujipima. Moja ni kujipima kwa wengine: nimemzidi fulani, basi mimi ni bora. Nyingine ni kujipima kwa kazi yenyewe na kwa jana yako: wiki iliyopita krosi zangu zilikuwa zinaishia kwa beki wa kwanza, leo mbili zimefika. Mchezaji mzuri anaweza kuwa nazo zote mbili. Lakini aliye na ya kwanza peke yake, siku akizidiwa anabaki mikono mitupu, na ndipo huanza kutafuta visingizio, msuli kuvuta, kamba za kiatu. Mwenye ya pili hata akifungwa ana cha kurudi nacho nyumbani. Na njia hizi watoto hawazaliwi nazo tu. Wanazichukua kwa kocha, kwa kile anachokisifia na kile anachokifokea kila siku ya mazoezi.

Kocha unayenisikiliza, jaribu jambo moja. Baada ya mechi, kabla hujataja mabao, taja majina. Kila kijana aliyecheza, mtajie jambo moja alilofanya, zuri au la kurekebisha, mbele ya wenzake, na usimruke hata mmoja. Daftari dogo tu linatosha. Utakuwa umefanya alichofanya yule aliyetangaza muda wa waogeleaji: umemtoa kila mtu gizani. Na kwenye mazoezi ya penalti, mpe kila mmoja zamu ya kukosa mbele ya wenzake, mpaka kukosa kuzoeleke kama kudondosha mpira wa danadana.

Na sisi tunaokaa kwenye matofali pembeni ya uwanja, kazi yetu ni nyepesi zaidi na tunaishindwa kila Jumamosi. Nami simo nje ya lawama hii. Siku ile sikumzomea mtoto, lakini pia sikusimama. Nilitikisa kichwa tu, nikaondoka. Nilichopaswa kufanya ni kutembea mpaka katikati ya uwanja, kuchuchumaa mbele ya yule mtoto aliyejifunika jezi, na kumwambia: "Asante kwa kuipiga, mwanangu."

Msikilizaji, Jumamosi inakuja. Kuna uwanja wa vumbi karibu na kwako, na kuna mtoto atakayekosa. Nenda ukamwambie wewe.